Pilipili Kali za Kujazwa na Kuokwa kwa Ajili ya Sherehe

Pilipili ya kujazwa ni pilipili kali iliyotolewa moyo wake, ikajazwa nyama, maharage, dagaa au jibini, kisha ikaokwa mpaka ganda likalainika na juu pakashika rangi. Huliwa kwa mkono, kwa kuuma mara moja au mbili, kabla ya chakula chenyewe kupakuliwa. Wapishi wa Mexico hujaza jalapeño. Wa Arequipa, kusini mwa Peru, hujaza rocoto kwa nyama na jibini. Na jamii za Kihindi za Afrika Mashariki hujaza viungo kwenye pilipili ndefu na kuzikaanga kama bajia. Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hazina desturi ya zamani ya chakula hiki, lakini karibu kila kinachohitajika kipo shambani au sokoni: pilipili mbuzi, ndizi, maharage, maziwa, samli, karanga, dagaa wa Ziwa Victoria na, msimu wake ukifika, senene.

Ugumu wake hauko kwenye vifaa. Katika nyumba nyingi za wilaya hizi mbili, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, pilipili huwekwa pembeni. Ndizi, maharage na nyama hupikwa bila ukali. Anayetaka pilipili hujikatia kipande au hujichotea kachumbari, akajipimia mwenyewe. Pilipili ya kujazwa humnyima mgeni nafasi hiyo: akishauma, ameuma. Kwa hiyo kipimo kinachofanywa mezani na mlaji hulazimika kufanywa jikoni na mpishi, tena mapema. Sehemu kubwa ya kazi ya kitafunwa hiki ni hiyo. Kujaza na kuoka ni mambo mepesi yakilinganishwa nayo.

Kuchagua pilipili

Masoko ya Kagera, kama mengine nchini, huwa na namna nne za pilipili. Pilipili kichaa ni ndogo mno, haijaziki, nayo iachwe kwa ajili ya achari. Pilipili ndefu, za kijani au nyekundu, hujazika ikiwa ni nene za kutosha. Hupasuliwa upande mmoja tu kutoka kwenye kikonyo hadi karibu na ncha, zikabaki mfano wa mtumbwi. Pilipili mbuzi, ya mviringo, yenye mikunjo na harufu inayokaribia ya matunda, ndiyo yenye umbo linalofaa zaidi: hukatwa juu, ikawa kikombe kinachobeba kijiko kimoja cha chakula cha mchanganyiko. Ya nne ni hoho, ambayo haina ukali wowote. Wapo wapishi wanaokimbilia hoho kwa kuogopa lawama za wageni, wakazijaza na kuziita pilipili za kuoka. Ni chakula kizuri, na kwa meza ya watoto ndicho kinachofaa, lakini ni chakula kingine.

Tofauti ya ukali kati ya namna hizi ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni njia ya kuupima kwa kuzimua kiini kilichokamuliwa kwenye pilipili kwa maji ya sukari, mara nyingi kadiri ilivyohitajika, mpaka waonjaji wasiusikie tena. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine, ila hesabu bado hutajwa kwa jina lake. Hoho hupata sifuri. Jalapeño hupata kati ya 2,500 na 8,000. Pilipili mbuzi ni ya ukoo mmoja na habanero, na ukoo huo kwa kawaida hupata kati ya 100,000 na 350,000. Maana yake jikoni ni hii: maelekezo ya mapishi ya nje yaliyoandikwa kwa ajili ya jalapeño hayawezi kufuatwa vilevile kwa pilipili mbuzi. Anayetoa mbegu tu, akajaza na kuoka, atawapa wageni ukali unaozidi mara kumi ule uliokusudiwa na aliyeandika.

Pilipili nzuri ya kujazwa ni ngumu inapobonyezwa, ina ngozi inayong'aa na kikonyo cha kijani ambacho hakijakauka. Iliyonywea haifai, kwa sababu ikichemshwa hulegea ikashindwa kusimama. Zile zilizoanza tu kugeuka rangi, hazijawa nyekundu au njano kamili, zina utamu kidogo na bado zimekaza, nazo ndizo za kutafuta. Ukubwa ulingane, maana chombo kikiwa na kubwa na ndogo pamoja, ndogo huungua wakati kubwa bado mbichi. Kwa wageni 20, mbili kwa kila mmoja, pilipili 40 zinatosha; mnunuzi mwenye busara huchukua 50, kwani baadhi hupasuka zikisafishwa na chache huonekana zimeoza moyoni baada ya kukatwa. Ikumbukwe pia kwamba pilipili hazilingani ukali hata zikiwa za mti mmoja, na zile za miti iliyopigwa na jua kali bila mvua huelekea kuwa kali zaidi.

Kupunguza ukali

Kinachowasha kwenye pilipili ni kemikali iitwayo kapsaisini. Watu wengi huamini kwamba ukali uko kwenye mbegu, lakini mbegu zenyewe zina kidogo sana. Hupakwa tu kwa kuwa zimeshikana na mahali ukali unapotengenezwa. Mahali hapo ni moyo mweupe ulio katikati, pamoja na mistari myeupe inayoshuka kwenye kuta za ndani. Pilipili iliyotolewa mbegu zote lakini ikaachiwa mistari hiyo bado ni kali. Pilipili iliyokwanguliwa mistari yote imepoteza sehemu kubwa ya ukali wake hata kabla ya kuona maji.

Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Huyeyuka kwenye mafuta na kwenye pombe kali. Ndiyo sababu mikono iliyoshika pilipili mbuzi huendelea kuwasha baada ya kunawa mara tatu, na anayejifuta jicho saa mbili baadaye hujuta. Glovu za kitabibu, zinazouzwa katika maduka ya dawa, ndizo kinga ya uhakika. Zisipopatikana, mikono ipakwe mafuta ya kupikia kabla ya kazi. Baada ya kazi ipakwe mafuta tena, isuguliwe, ndipo ioshwe kwa sabuni ya kuoshea vyombo. Ubao na kisu vioshwe hivyo hivyo. Mama anayenyonyesha na mtu anayelea mtoto mchanga wapewe kazi nyingine siku hiyo.

Usafishaji huanza kwa kukata kofia ya juu, upana wa nusu sentimita hivi, pamoja na kikonyo. Kofia zisitupwe: zikipangwa pembeni na kurudishwa juu ya pilipili zilizokwisha okwa, hupendeza, na mgeni hupata pa kushika. Kisu kidogo chenye ncha huzungushwa kuufuata moyo mweupe mpaka uachie. Kisha kijiko cha chai, kile chembamba, hutumika kukwangua mistari kwa kuvuta kutoka chini kwenda juu. Pilipili mbuzi ina kona nyingi ndani kwa sababu ya mikunjo yake, na kila kona huficha utando. Anayetaka kujua kama amemaliza huielekeza pilipili kwenye mwanga wa dirisha: palipobaki utando mweupe huonekana kama kivuli, na palipo safi mwanga hupenya kwa rangi moja. Kisu kikitoboa ukuta, pilipili hiyo iwekwe kando kwa kukatwakatwa kwenye mchanganyiko wa kujazia.

Kwa pilipili ndefu usafi huo unatosha. Kwa pilipili mbuzi hautoshi, na hapo ndipo wapishi wa Arequipa wanapostahili kuigwa. Rocoto yao nayo ni kali, na kabla ya kuijaza huichemsha katika maji yenye chumvi, sukari au siki, wakamwaga maji hayo na kuchemsha upya. Utaratibu unaofaa kwa pilipili mbuzi ni lita mbili za maji, kijiko kimoja cha chakula cha chumvi na vijiko vitatu vya siki. Maji yakishachemka sana, pilipili hutumbukizwa kwa dakika mbili, huchujwa, na maji humwagwa yote. Hurudiwa kwa maji mapya, mara mbili kwa wageni waliozoea pilipili, mara tatu kwa umati wa harusi usiojulikana. Baada ya mara ya mwisho huzamishwa kwenye maji baridi ili zisiendelee kuiva, kisha hufudikizwa juu ya kitambaa safi zikauke. Pilipili ikijazwa ikiwa na maji ndani, mchanganyiko hulowa na haukauki tena hata ukiokwa saa nzima.

Maji yanayochemka juu ya nyanda za Karagwe si ya moto kama ya Dar es Salaam. Mahali penye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kwa pilipili tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa maharage ya kujazia inaongeza muda wa kupika, na mpishi aliyepanga ratiba kwa kitabu cha pwani atachelewa. Jambo jingine ni mvuke. Mvuke wa pilipili mbuzi hukohoza, kwa hiyo kazi hii ifanyike nje au kwenye jiko lenye madirisha wazi, na wenye pumu wakae mbali.

Kisha pilipili moja ionjwe. Ijazwe kidogo, iokwe peke yake, na aionje mtu ambaye hana mazoea ya pilipili, si mpishi wala kijana anayependa kuonyesha ushujaa. Akiweza kuimaliza na kuomba nyingine, ukali umefika. Akishindwa, pilipili zote zirudi kwenye maji mapya.

Vya kujazia

Mchanganyiko mzuri una mambo matatu: kitu chenye ladha, kitu cha kushikanisha, na mafuta. Mafuta hayo yana kazi mbili, kwa kuwa ndiyo yanayoubeba ukali uliobaki na kuusambaza mdomoni kwa upole badala ya kuuacha uchome mahali pamoja. Mapishi ya kigeni hutumia jibini la viwandani kwa yote mawili, kushikanisha na kutia mafuta. Kayanga au Nkwenda jibini hilo ni ghali na si la kupatikana kila siku, na kwa kweli halihitajiki. Ndizi mbichi iliyochemshwa na kupondwa pamoja na samli hushikanisha vizuri zaidi: haitiririki kwenye moto, haigandi ikipoa, na ladha yake haigombani na kitu.

Mchanganyiko wa nyama, unaotosha pilipili mbuzi 40, huhitaji nusu kilo ya nyama ya ng'ombe iliyosagwa, vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo, kijiko kimoja cha chai cha vitunguu saumu vilivyotwangwa na kingine cha tangawizi, nusu kijiko cha binzari nyembamba, chumvi, na ndizi mbichi tatu za wastani. Nyama hukaangwa bila mafuta mengi mpaka maji yake yakauke kabisa, kama inavyofanywa kwa sambusa. Ndizi huchemshwa, hupondwa zikiwa moto pamoja na vijiko viwili vya samli, halafu vyote huchanganywa na kukolezwa majani ya giligilani. Nyama iive kabisa kabla ya kuingia kwenye pilipili. Muda wa kuoka ni mfupi, na haufai kutegemewa kuivisha nyama mbichi katika vikombe 40 vilivyobanana. Penye wageni wa dini mbalimbali, nyama iwe imechinjwa kwa namna ambayo Waislamu wanaweza kuila, kama ilivyo kawaida ya sherehe nyingi nchini.

Mchanganyiko wa maharage ni wa bei nafuu kuliko huo, na kwa maoni ya mwandishi wa mwongozo huu unakaa vizuri zaidi ndani ya pilipili. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya maharage. Hulimwa katikati ya migomba na huliwa karibu kila siku, kwa hiyo mgeni anayatambua mara tu anapoyaonja, na hilo humtuliza. Vikombe vitatu vya maharage yaliyoiva mpaka kupasuka hupondwa kwa mwiko, si kwa mashine, ili yabaki na punje punje. Kitunguu na nyanya mbili hukaangwa kwa samli mpaka nyanya ikauke, maharage hutiwa, na mwishoni huongezwa vijiko vinne vya chakula vya karanga zilizokaangwa na kusagwa. Mchanganyiko ubanduke kwenye sufuria wenyewe. Ukiwa bado unateleza kwenye mwiko, una maji mengi, nao urudi motoni.

Dagaa wanataka mkono wa uangalifu. Gramu 200 za dagaa wakavu hutolewa vichwa, huoshwa kwa maji ya moto kuondoa mchanga, hukaangwa bila mafuta mpaka wakauke tena, kisha hutwangwa kidogo na kuchanganywa na viazi mviringo vinne vilivyochemshwa na kupondwa, maji ya ndimu na samli. Wakizidi, harufu yao hufunika kila kitu mezani.

Anayetaka jibini hulitengeneza nyumbani. Lita tatu za maziwa mabichi huchemshwa. Yakianza kupanda, moto hupunguzwa na vijiko vitano au sita vya maji ya ndimu au siki hutiwa polepole mpaka maziwa yakatike na maji ya kijani-njano yajitenge. Huchujwa kwa kitambaa cheupe, hutiwa chumvi, hufungwa na kuwekewa uzito wa sufuria yenye maji kwa saa moja au mbili. Lita moja hutoa takriban gramu 150 hadi 200. Jibini hili haliyeyuki kwenye moto, nalo ni jambo jema, kwa kuwa linabaki ndani ya pilipili badala ya kumwagika kwenye chombo. Kwa kuwa halina ladha kali, lichanganywe na kitunguu cha majani na pilipili manga.

Wanabaki senene. Huanguka kwa wingi mwezi wa Novemba na Desemba, na kwa kiasi kidogo karibu na Aprili na Mei, yaani mvua zinapokuwa zimeshika. Na kwa kuwa Desemba ndio mwezi wa harusi na wa watu wa mbali kurudi nyumbani, huwa mezani bila kutafutwa sana. Wale waliokwisha nyonyolewa mbawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi mpaka wakalia chini ya meno, wasichanganywe ndani. Ndani ya pilipili mvuke huwalowesha, wakawa laini na wasio na maana. Wakatwe vipande viwili viwili, wachanganywe na samli kidogo, wawekwe juu ya mchanganyiko wa maharage dakika tano tu kabla pilipili hazijatolewa motoni. Mgeni akiuma hukutana kwanza na senene mkavu, halafu maharage, halafu ukali wa ganda. Sahani yao itangazwe wazi, kwa kuwa mtu anayedhurika na kamba au kaa anaweza kudhurika na senene vilevile, na wageni kutoka mikoa mingine wana haki ya kujua wanachokula.

Kujaza na kuoka

Mchanganyiko huingizwa ukiwa umepoa. Hushindiliwa kwa mgongo wa kijiko mpaka chini, kwa sababu hewa iliyobaki ndani hupanuka kwenye joto na kuusukuma mchanganyiko nje, kisha hupandishwa juu ya ukingo kidogo. Pilipili isiyosimama haikatwi chini, maana kitako chake ni chembamba na hutoboka. Husimamishwa juu ya pete ya kitunguu au kipande cha ndizi mbichi, ambacho nacho huokwa na kuliwa. Juu hupakwa samli. Mpishi wa mchanganyiko wa nyama anaweza kunyunyiza chenga za mkate mkavu zipate kukauka na kushika rangi.

Mwenye jiko la oveni hulipasha kwanza hadi nyuzi 190 au 200, akaoka kwa dakika 20 hadi 25. Wengi hawana, na hata wenye nalo hukatikiwa umeme siku yenyewe ya sherehe, hivyo inafaa kujua njia ya makaa. Sufuria kubwa na nzito huwekwa mchanga mkavu safi, kina cha sentimita tatu, na juu yake huwekwa mawe matatu bapa au pete ya bati. Hufunikwa na kupashwa kwa dakika 15. Trei au sahani ya bati yenye pilipili hupumzishwa juu ya mawe, sufuria hufunikwa kwa mfuniko bapa, na makaa hupaliwa juu ya mfuniko. Moto wa juu uzidi wa chini: kati ya makaa matatu, mawili yawe juu. Wapishi wasiozoea hufanya kinyume, wakapata pilipili zilizoungua kitako na nyeupe kichwani.

Joto hupimwa kwa unga wa ngano. Kijiko kimoja hunyunyizwa kwenye bati na kuwekwa ndani. Ukigeuka rangi ya chai ya maziwa kwa muda wa dakika moja hivi, joto linafaa. Ukiwa mweusi papo hapo, makaa yapunguzwe. Ukibaki mweupe, bado. Kwa njia hii pilipili huchukua dakika 25 hadi 35. Mfuniko usifunuliwe kila mara, kwa sababu kila ukifunuliwa joto lote la juu huondoka na makaa yake.

Jani la mgomba hufaa kutandikwa kwenye trei. Hubabuliwa kwanza juu ya moto mpaka liwe la kijani kibichi kinachong'aa na lisivunjike likikunjwa, likatwe kwa kipimo cha trei bila kutokeza ukingoni, maana sehemu inayotokeza huungua na kutia moshi. Pilipili hazigandi juu yake, usafi wa vyombo hupungua, na trei hutoka hivyo hivyo hadi mezani.

Pilipili imeiva pale ganda linapokunjamana kidogo na kukubali kuchomwa kwa kijiti bila kuachia maji mengi, huku juu pakiwa na rangi ya kahawia. Kuoka zaidi ya hapo hakupunguzi ukali. Kapsaisini haiharibiki kwa joto la oveni, na maji yanapopungua kwenye ganda kinachobaki huonekana kikali zaidi. Aliyekosea katika kuchemsha hawezi kusahihisha kwa kuoka.

Mezani

Pilipili zilizotoka motoni zisubiri dakika 10 hadi 15. Sababu yake ni ya mwili wenyewe. Mwaka 1997 watafiti wakiongozwa na David Julius wa Marekani walitambua kipokezi kwenye mishipa ya fahamu kinachoamshwa na kapsaisini; kipokezi hicho hicho ndicho kinachoamshwa na joto la kuunguza, la nyuzi 43 na kuendelea. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Chakula cha moto chenye pilipili, basi, hukipiga kipokezi kimoja mara mbili. Pilipili ya vuguvugu ni ileile, lakini mlaji huisikia kuwa pole.

Kando ya sahani pawepo maziwa baridi au mtindi katika vikombe vidogo. Karagwe ilikuwa nchi ya maziwa tangu enzi za Mfalme Rumanyika, aliyempokea mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1861, na hapa maziwa yanapata kazi nyingine: protini yake huishika kapsaisini na kuiondoa ulimini. Maji huisambaza tu. Soda baridi hutuliza kwa nukta chache, kisha ukali hurudi. Rubisi, ile pombe ya ndizi, na bia hazina kilevi cha kutosha kuyeyusha chochote, ingawa wapo watakaozitetea.

Sahani zitenganishwe kwa ukali na MC atangaze kabla hazijapitishwa: zenye kofia ya kijani ni za wastani, zenye kofia nyekundu ni kali, zisizo na kofia ni hoho za watoto. Alama ya namna hii haihitaji karatasi na haipotei ukumbini. Wahudumu nao waelezwe, maana ndio watakaoulizwa.

Sherehe za harusi, kipaimara na ubatizo huwa na kusubiri kwingi, na maharusi wakichelewa vitafunwa ndivyo vinavyowashikilia wageni. Kwa hiyo kazi igawanywe. Pilipili husafishwa na kuchemshwa siku moja kabla, zikalala kwenye maji yenye chumvi na siki mahali pa baridi. Maharage na ndizi hupikwa asubuhi ya siku yenyewe. Nyama na dagaa vivyo hivyo. Kujaza kufanyike saa mbili kabla, na kuoka kwa mafungu ya 40 au 50, fungu moja likitoka jingine likiingia, badala ya kuoka zote alfajiri na kuziacha zipoe. Kwa wageni 200 sufuria tatu za makaa zinazofanya kazi kwa zamu hutoa pilipili 400 kwa muda wa saa mbili hivi, mradi awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni makaa tu.

Zilizojazwa nyama, dagaa au jibini zisikae nje ya moto zaidi ya saa mbili. Zilizobaki huwekwa kwenye friji na kuliwa ndani ya siku mbili baada ya kupashwa mpaka ndani kabisa. Pasipo na friji hazilazwi. Zenye maharage na karanga zifuate sharti hilo hilo, kwa kuwa maharage yaliyopondwa huchacha upesi.